Misumeno Wamegoma

Andika "misumeno wamegoma." Usisahihishe, mjukuu wangu. Najua kwamba mwalimu wako amekufundisha kusema "misumeno imegoma", naye hakukosea. Hata mimi, ambaye sikuwahi kukaa darasani, najua kwamba msumeno si mtu. Nilifundishwa jambo hilo ndani ya shimo, na aliyenifundisha alikuwa amesimama juu ya kichwa changu. Lakini kosa hilo lina mahali pake katika habari hii, na ukiliondoa hutabaki na habari.

Wakati ule nilikuwa mpasuaji wa mbao katika msitu wa Kwaraa, mlima huo unaouona kila ukitoka nje hapa Bagara. Mbao hazikupasuliwa kwa mashine. Mashine ilikuwepo moja mjini, katika yadi ya tajiri, nayo ilikuwa ya kuranda tu, siku ambazo dizeli ilipatikana. Kupasua kulifanywa na watu wawili. Shimo lilichimbwa kwenye mteremko, kina chake kikizidi urefu wa mtu. Miti miwili minene ikalazwa kukingama mdomo wa shimo. Juu ya miti hiyo likaviringishwa gogo. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwingine akashuka chini yake, na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku ukapita kati yao. Wa juu aliuongoza kwa kufuata mstari uliopigwa kwa uzi, na uzi ulipakwa unga mweusi wa betri za redio zilizokufa. Wa chini alivuta. Wa juu aliona mbingu, mstari na watu wanaokuja. Wa chini aliona tumbo la gogo. Na kwa desturi ya kazi ile wa chini hakusema, kwa sababu akifungua kinywa kilijaa vumbi la mbao. Maneno yote yalikuwa ya wa juu.

Mimi nilikuwa wa chini. Wa juu wangu alikuwa mume wa dada yangu.

Alitoka mbali, nyanda za kusini, kwa watu wanaokua na msumeno kama sisi tunavyokua na jembe. Alifuata miti hadi Babati, akamwona dada yangu kanisani, akakaa. Tuliitana shemeji, na kwa kuwa shemeji na shemeji wana ruhusa ya kutaniana, hakukuwa na siku tuliyomaliza bila yeye kunitania kutoka juu nami kushindwa kumjibu kutoka chini.

Ilikuwa miaka ya shida, ambayo ninyi mnaisikia kama hadithi ya watu wengine. Sabuni haikuonekana, chumvi ilitafutwa, na nguo zilikuwa haba kiasi kwamba marehemu walizikwa na mashuka waliyokuwa wakijifunika. Ukiingia dukani ulikuta rafu na mwenye duka. Mvua zilikuwa zimetunyima misimu kadhaa, na shamba letu la Nakwa lilitoa mabua. Tajiri wa mbao, ambaye sitamtaja kwa kuwa watoto wake wangali hai na hawakunikosea, alikuwa na unga. Ulikuwa unga wa mahindi ya njano, wenye harufu ya gunia, ambao zamani tusingewapa kuku. Kila Jumamosi tulishuka hadi yadini kuuchukua, pamoja na kipande cha sabuni. Shemeji alikuwa akisema kwamba sisi ni watu wa bahati: wenzetu hawana unga kabisa, sisi tunao wa aina mbili, wa njano wa kula na wa mbao wa kupumua.

Gogo hukaa juu ya shimo kwa kufungwa. Likifungwa kwa mnyororo, halitoki. Sisi tulilifunga kwa kamba za katani, na katani ikinyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, huoza ndani huku nje ikionekana nzima. Katika shimo la jirani kamba ilikatika asubuhi moja. Wa chini wa shimo lile alikuwa mtu wa Maisaka, baba wa watoto wadogo. Tulimtoa akiwa mwembamba. Sina neno jingine la kuieleza hali aliyokuwa nayo, na usinitafutie. Msimamizi wa tajiri akapanda, akatazama, akauliza kama gogo limepasuka, kisha akasema mashimo mengine yaendelee.

Mnyororo ulikuwepo. Kila Jumamosi tuliuona. Lori la tajiri lilikuwa limesimama yadini juu ya mawe kwa kukosa matairi, na juu ya lori hilo ulikuwa umelala mnyororo mrefu wa kufungia magogo, ukipata kutu bila kazi. Ungekatwa vipande, kila shimo lingepata chake.

Ndugu wa marehemu ndiye aliyekwenda kuuomba kwanza. Alikwenda peke yake, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chetu cha mlimani, "Bwana, minyororo wako kwenye lori, tunaomba wao."

"Wao?" msimamizi akauliza. "Wao ndio nani? Ni shangazi zako?"

Walinzi wa yadi wakacheka, na yule mtu akavaa kofia yake, akarudi. Kaka yake alikuwa bado hajamaliza arobaini, naye alirudi akiwa amechekwa.

Yapasa ueleze hapa, kwa ajili ya wasiotujua, kwamba lugha yetu ya nyumbani haitenganishi mtu na kitu kwa namna Kiswahili kinavyotenganisha. Sisi tulijifunza Kiswahili sokoni tukiwa watu wazima, na tulichojifunza kwanza ni kuzungumza na watu. Kwa hiyo kila kitu tulikipa maneno ya watu. Shemeji alilifurahia sana jambo hilo. Lakini siku ile hakulifurahia. Aliketi kwenye ukingo wa shimo, miguu ikining'inia karibu na uso wangu, akasema, "Shemeji, safari ijayo tutaomba sote, kwa maneno yaleyale. Na hatapata cha kucheka."

Basi kila adhuhuri, wenzake wakila, yeye alizunguka mashimoni akifundisha. Sentensi ilikuwa fupi: "Minyororo ipo. Tunaiomba." Wanaume wenye mvi waliikariri huku wakitafuna. Huo ndio uliokuwa uchochezi wake wote. Wako watu waliokuja kusema baadaye kwamba alikuwa na mipango mikubwa na watu nyuma yake. Nyuma yake alikuwepo dada yangu, na chini yake nilikuwepo mimi.

Mwanafunzi aliyemshinda alikuwa mzee wa maksai. Huyu alikuwa mkubwa wa umri kuliko sisi sote, aliyeshuka kutoka nyanda za Mbulu na ng'ombe wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuburuta magogo hadi mashimoni na kuteremsha mbao hadi mjini. Ng'ombe wake aliwasemesha kwa lugha ya nyumbani, nao walimwelewa. Kiswahili alikiona kama mavazi ya kukodi.

"Minyororo wapo," alisema. "Tunawaomba."

"Mzee, mnyororo si mtu," shemeji alimwambia.

"Nani amesema ni mtu?"

"Wewe. Umesema wapo."

"Wapo kweli. Mimi amewaona juu ya lori."

"Ninyi watu wa Mbulu kila kitu kwenu ni mtu. Jiwe ni mtu, uji ni mtu. Ipo siku mtaoa shoka."

"Shoka hasemi ovyo," mzee akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kiazi chake. "Dada zetu wangepumzika."

Tulicheka mpaka maksai wakageuza vichwa. Nalieleza jambo hili kwa kuwa ni mara ya mwisho ninayoikumbuka watu wa mashimo yote wakicheka pamoja.

Msimamizi alipata habari, maana panapokusanyika watu wenye njaa hapakosi mmoja anayepeleka maneno ili apate kibaba cha ziada. Alipanda hadi shimoni kwetu, akiwa amevaa buti zake. Uandike kwamba alivaa buti. Sisi sote tulivaa katambuga za matairi, na walinzi wake walivaa katambuga. Mlima mzima ulikuwa na buti jozi moja.

"Nasikia umefungua shule," alimwambia shemeji.

"Ya watu wazima, bwana. Serikali inaihimiza."

"Mkipewa mnyororo leo, kesho mtataka lori."

"Lori halina matairi. Tutalitakia nini?"

Watu walicheka kidogo, kwa kujificha. Msimamizi hakucheka. Alisema kwamba anayesimamisha kazi ya mbao katika wakati kama huu ni mhujumu, na kwamba anajua mahali wahujumu wanakopelekwa. Neno hilo lilikuwa likitembea sana siku zile, redioni na mikutanoni. Mwenye kuficha sukari aliitwa mhujumu, na kwa mwenye chuki na jirani yake lilikuwa neno la kuokota tu.

Kisha msimamizi alimkuta dada yangu njiani akitoka kuteka maji. Hakumsalimu. Alimwambia, "Mumeo alikuja huku kuoa. Ameshaoa. Sasa anatafuta nini?"

Dada alilileta neno hilo nyumbani, tukiwa tumekaa jikoni kwake. Shemeji alisema, "Ungemwambia natafuta mnyororo."

"Mwachie mwingine," dada alisema. "Wewe ni wa juu. Gogo halikuangukii wewe."

"Ndiyo sababu lazima niseme mimi. Kaka yako akifungua kinywa kule chini anameza vumbi."

"Basi wote ninyi mfunge vinywa, mrudi mkiwa hai."

Mimi sikusema. Nilikuwa na desturi ya kutosema. Dada akageuza ugali, ule wa njano, akaugeuza tena wakati ulikuwa umeshaiva.

Tulikubaliana kuomba Jumamosi, siku ya unga, sote pamoja langoni. Hakuna aliyetamka neno la kugoma. Liandike hilo kwa mkono wako mzuri: hatukuwa tumegoma. Mtu ambaye watoto wake wanakula kwa unga wa tajiri hagomi. Anaomba, na kuomba kwenyewe humtetemesha.

Mvua ilianza katikati ya juma, mvua ya kuchelewa isiyoleta mazao, ikanyesha usiku kucha. Kulipokucha tuliendelea na gogo la loliondo tuliloliacha nusu. Mti ule ni mgumu, nao ukinywa maji hujikaza. Tulivuta mara chache tu, gogo likaubana msumeno, haukwenda mbele wala nyuma. Muda si mrefu msumeno wa shimo la pili nao ukabanwa; mashimo mengine hayakuwa na gogo siku ile. Dawa yake ni kabari za chuma za kupanua mpasuo, na mafuta ya taa ya kuulainisha msumeno. Kabari zetu zilikuwa za mti, zikapasuka. Mafuta ya taa hatukuwa nayo kwa muda mrefu. Mtu aliyekuwa nayo aliyatunza kama dawa ya macho.

Mzee wa maksai alikuwa akishuka mjini na mbao. Shemeji akamwita. "Mzee, ukifika yadini waambie misumeno imegoma, yote miwili. Walete kabari za chuma na mafuta ya taa kidogo. Hebu rudia."

"Misumeno wamegoma," mzee akasema. "Wote wawili."

Watu wa shimo la pili wakaguna kwa kicheko. Shemeji naye akacheka, akatikisa kichwa. Alikuwa amechoka na amelowa. "Haya mzee, nenda hivyo hivyo," alisema. "Watakuelewa."

Yaliyosemwa yadini sikuyasikia kwa masikio yangu. Niliyapata kwa mzee mwenyewe, siku nyingi baadaye, na aliyasema kwa mpangilio uleule kila alipoyarudia, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha kitu.

Alifika langoni mashine ya kuranda ikinguruma ndani. Msimamizi alikuwa kijana kwake, hivyo mzee akasimama kwanza kungoja shikamoo. Haikuja. Akaanza bila salamu, na kwa sababu ya mashine akapaza sauti.

"Misumeno wamegoma."

Msimamizi alisikia "wa misumeno wamegoma." Sisi wapasuaji ndivyo tulivyoitwa pale yadini: wa misumeno. Tofauti yake ni silabi moja mbele, na silabi hiyo mashine ingeweza kuimeza au kuizaa.

"Wamegoma?"

"Wamegoma kabisa. Hawasogei."

"Wote?"

"Wote wawili... mashimo yote mbili. Wanataka mafuta ya taa. Na vyuma."

"Wanataka! Na nani amewagomesha?"

Mzee alifikiri. Aliulizwa ni msumeno wa nani uliobanwa kwanza, ndivyo alivyoelewa, na alikuwa mtu wa kusema kweli. "Yule wa kusini," alijibu. "Wake ndiye alianza. Wale wengine wakafuata."

Msimamizi akazima mashine. Mzee alifikiri imezimwa ili wamtafutie kabari.

Msimamizi na walinzi wake walipofika mlimani, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Nami nakueleza walichokiona, maana ningekuwa mimi ndiye niliyepanda pengine ningeona hicho hicho: watu wameketi, wengine wamelala kwenye majani, misumeno imesimama ndani ya magogo, na shemeji amekaa juu ya gogo letu kama mtu aliyekaa kibarazani kwake. Mimi nilikuwa shimoni nikizoa vumbi lililolowa, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine. Nilisikia miguu mingi. Kisha nikasikia sauti ya msimamizi.

"Kazi iko wapi?"

"Misumeno imegoma, bwana," shemeji alisema. Aliisema sawasawa, kila silabi mahali pake.

"Misumeno."

"Ndiyo, bwana. Imegoma."

"Misumeno ndiyo iliyogoma. Si ninyi. Unaniletea utani wako wa shule."

Nilisikia rungu kabla ya kusikia sauti ya shemeji. Kutoka chini mtu haoni mengi. Niliona mwanga kati ya gogo na ukingo ukizibwa na miguu, ukifunguka, ukizibwa. Katambuga, katambuga, katambuga. Shemeji alikuwa bado juu ya gogo, kwa sababu walimzunguka pande zote na hapakuwa na pa kushukia. Wenzetu walipiga kelele kutoka mbali. Sikumsikia akiomba. Nilisikia mapigo, na pumzi yake, ambayo niliijua kuliko yangu kwa kuwa miaka yote ile nilivuta kwa kuifuata.

Kisha kwenye mwanga ule nikaona buti. Halikuwa likipita. Lilikuwa limewekwa kwenye gogo, kisigino kikiwa juu, likisukuma, na kamba ya katani ikalia.

"Shemeji, toka," alisema wa juu wangu.

Ndilo neno la mwisho alilolisema. Nilitupa mwili pembeni, kwenye kona ambayo wachimbaji huiacha kwa ajili ya chombo cha maji. Gogo likashuka, naye akashuka nalo, na lilipotulia yeye alikuwa upande wa chini.

Nilihojiwa katika ofisi moja mjini. Sitaitaja, na waliokuwemo wamekufa. Nilisimama mbele ya meza, nikaeleza.

"Uliona uso wa aliyesukuma?"

"Niliona buti."

"Buti ni la nani?"

"Mlimani ilikuwepo jozi moja."

"Nimekuuliza uso."

"Uso sikuuona. Nilikuwa chini."

Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti mwishoni. Akaniambia kwa upole kwamba lililotokea ni ajali iliyotokana na kutoelewana kwa lugha: taarifa ya mgomo ililetwa yadini, taarifa haikuwa sahihi, watu walikwenda kutuliza hali, kamba ikakatika. Kama kuna mwenye kosa, ni yule aliyeleta taarifa. Basi wakamshika mzee wa maksai kwa kueneza uvumi wa hujuma, na wakakaa naye muda wa kutosha ng'ombe wake kukonda.

Unaniuliza kwa nini hatukushtaki. Unauliza kama mtu aliyezaliwa katika nchi nyingine. Huko ofisini ndiko tulikoshtaki.

Siku ya maziko tajiri alituma mbao za jeneza. Zilikuwa za podo, nyeupe, zimerandwa vizuri, juu ya mkokoteni uliosukumwa na kibarua wa yadi aliyekuwa akitazama chini. Katika mwaka ule jeneza la podo halikuwa jambo dogo. Majirani walishasogea kuzipokea. Dada yangu akatoka ndani.

"Mume wangu hakuomba mbao," alisema.

"Mama, ni rambirambi ya tajiri," kibarua akamwambia.

"Nimesikia. Zirudishe. Mume wangu aliomba mnyororo."

Hakupaza sauti. Kibarua aligeuza mkokoteni, na gurudumu lake lilisikika mpaka lilipofika barabarani. Wazee wengine walimlaumu dada, wakisema amemfanya mpasuaji wa mbao azikwe bila ubao hata mmoja. Tulimzika kwa mkeka na blanketi la kitandani kwake. Dada aliishi muda mrefu baada ya hapo, na kila mara aliposikia mbao zikipasuliwa mahali alibadili njia.

Mzee wa maksai walipomwachia aliuza ng'ombe wawili, akapanda kwao Mbulu na waliosalia. Nilimfuata siku moja, si kwa ubaya. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake. Watoto wa shule waliopita walimwambia shikamoo, naye aliinamisha kichwa tu, maana alikuwa ameacha kusema neno lolote la Kiswahili, hata marahaba. Alinisimulia yote kwa lugha ya nyumbani, na maneno ya yadini peke yake ndiyo aliyoyasema kama yalivyokuwa. Alipomaliza aliniuliza, "Nilipaswa kusemaje?"

"Imegoma," nilimwambia.

"Imegoma." Aliitamka polepole, akaitamka tena. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Nilimjibu hivyo kwa kuwa aliniuliza Kiswahili. Kuhusu kilichomuua shemeji hakuniuliza, nami sikumwambia kwamba shemeji alilisema neno lenyewe sawasawa, mbele ya uso wa msimamizi, na halikumsaidia. Labda siku nyingine ningemwambia. Alikufa kabla ya mvua zilizofuata, na wanawe waliniambia kwamba mwishoni alikuwa akisema peke yake, wao wasielewe anasema nini.

Tangu wakati huo mimi sijalitoa neno la Kiswahili kinywani kabla ya kuliweka mahali pake. Ndiyo sababu watu wa mtaani husema kwamba babu yako anaongea kama kitabu, na wasiojua hudhani nilisoma. Ni kazi bure. Lakini sikuweza kuiacha.

Jumamosi tuliyopanga kuomba ilipofika, tulishuka yadini kuchukua unga kama kawaida, sisi tuliobaki. Tuliizoea njia ile, na tuliujua mpangilio wa yadi hata kwa macho yaliyofumbwa: banda, rundo la mbao, lori juu ya mawe. Safari hii tulisimama nje. Tajiri alikuwa ameingiwa na hofu juu yetu, akaamuru lango lifungwe na unga utolewe kwa kupitishiwa kwenye nafasi. Lango lilikuwa limezungushiwa mnyororo wa lori, mara nyingi, mpaka ukaisha urefu wake. Walikuwa wameusugua kutu.

Tulisimama mbele yake tukiwa na mifuko. Ile sentensi kila mmoja aliijua kwa moyo. Ndugu wa yule mtu wa Maisaka alikuwa mbele yangu, nami nilimwona akivua kofia yake, nikafikiri atasema. Alipokea unga wake, akasogea. Mimi nikapokea wangu.

Jumatatu niliwekewa wa juu mpya, mtu mwema asiyependa mazungumzo. Waliligeuza gogo lile lile la loliondo, wakalipandisha, wakalifunga kwa kamba ya katani, kwa kuwa mbao zake zilikuwa zimeshaagizwa. Nilishuka. Kwa siku za mwanzo nilitazama kamba kila nilipovuta, na vumbi likanijaa machoni hata nisiione. Baadaye nikajifunza kuvuta nikiwa nimefumba macho.